Mizigo saba na ushei

Kwenye geti la Kilimanjaro kuna mizani. Wapagazi wanapanga foleni asubuhi, kila mmoja anatundika mzigo wake, askari wa hifadhi anasoma: kilo 20, pita, kilo 22, toa kitu. Nilianza kusimama kwenye foleni hiyo nikiwa na miaka kumi na tisa. Leo naongoza misafara (mtaani Moshi wanatuita magaidi, kutokana na lile neno la Kizungu, na sisi tumeshazoea, anayeruka ni mgeni aliyejifunza Kiswahili kwa kamusi), lakini tabia ya mizani haijanitoka. Mgeni akishuka kwenye gari namgeuza mizigo ya kilo 20 kichwani mwangu kabla hata sijamwambia karibu. Huyu mizigo mitatu. Yule mitatu na nusu. Yule babu mwenye tumbo, mitano. Si dharau. Ni hesabu ya siku akianguka, yatahitajika mabega mangapi.

Machi 2019 niliingiziwa picha kwenye WhatsApp. Mtu amesimama kileleni Uhuru, mita 5,895, ameshika bango la kutangaza kwamba anastaafu NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, akiwa juu kabisa. Kumbukumbu za ligi yao zilimwandika mita 1.93, kilo kama 154. Nikampiga mizani: mizigo saba na ushei. Sikuuliza kwanza huyu ni nani. Niliuliza kiongozi wake alikuwa nani, na kama alipata hata lepe la usingizi usiku ule pale kambini.

Jina lake Haloti Ngata. Nilishalisikia kabla, na nililisikia nikiwa mlimani.

Aliyenitumia picha ni mgeni wangu wa zamani, mzee mmoja wa Ohio, mizigo sita na nusu hivi. Tulipanda naye njia ya Machame, miaka kadhaa kabla ya picha hiyo. Kampuni niliyokuwa naifanyia kazi wakati ule ilikuwa na ugonjwa wa kubana watu: msafara wa wageni wanne, viongozi wawili tu, na wapagazi wa kuhesabu. Nililalamika ofisini nikaambiwa mlima ni ule ule. Usiku wa kilele, hatua kama mia moja kabla ya Stella Point, pale ukingoni mwa kreta, mzee akakaa chini. Hakuanguka, alikaa, kama mtu aliyefika kwake. Nikambana kile kipimo kidogo cha oksijeni kidoleni. Namba niliyoiona sikumtajia. Nikamwambia, "Mzee, tunarudi." Akakataa. Nikamwambia tena.

Kumshusha ilikuwa kazi. Wageni watatu waliobaki ilibidi wageuke nasi, kwa kuwa hapakuwa na wa kuendelea nao, na hilo sijawasamehe wale wa ofisini hadi leo. Mimi nikashika kwapa la kulia, msaidizi wangu la kushoto, tukaingia kwenye ule mchanga wa changarawe unaoteleza. Unapiga hatua moja, changarawe inakupa tatu za bure. Kila akiegemea upande wangu nilihisi mbavu zinaongea. Msaidizi wangu, kijana wa Kibosho asiyejua kunyamaza, akawa anapiga kelele, "Mkuu, huyu ananilalia! Mkuu!" Tulifika kambi ya Barafu jua limeshachomoza, sisi watatu tumelowa jasho kwenye baridi ya kugandisha maji kwenye chupa.

Jioni, tukiwa chini kambini Mweka ambako hewa ni ya kutosha, mzee amekunywa supu na rangi imemrudi, akaanza kucheka peke yake. Akaniambia kwamba shuleni alikuwa anacheza futiboli ya kwao, na kwamba nafasi yake kazi yake ilikuwa moja tu: kutosogezwa na watu wawili. Miaka yote ile, akasema, hakuna wawili walioniweza, nimekuja kusogezwa na ninyi wawili wembamba kwenye mlima wa Afrika. Akachukua vikombe vya plastiki na masufuria ya mpishi akaanza kunipangia mchezo pale mezani. Hapo ndipo nilipoingia kwenye futiboli ya Kimarekani: kupitia kikombe cha chai kilichokaa katikati ya meza na kuitwa pua.

Nikupangie na wewe, haraka. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, kama mita tisa. Ikisogea, inapewa manne mengine. Isiposogea, mpira unakwenda kwa wenzao. Anayeongoza mashambulizi ni kwotabeki, yule kijana mzuri wa matangazo ya biashara. Ama anaurusha mpira, ama anamkabidhi mkimbiaji. Mbele yake wanasimama wakingaji watano, kila mmoja ni jokofu lenye miguu. Uso kwa uso na wakingaji hao kuna mstari wa kwanza wa ulinzi, na katikati yake, akitazamana na yule anayeupitisha mpira nyuma kati ya miguu yake, anainama mtu wanayemwita pua.

Pua hakai pale ili akamate mtu. Akikamata ni bahati. Kazi yake ni kuwa kero kubwa kiasi kwamba mkingaji mmoja hamtoshi, lazima waje wawili. Wakimjia wawili na asisogee, hesabu ya wapinzani imeharibika: watu wao wawili wamekwisha kwa mtu mmoja, na nyuma yake mlinzi mwenzake amebaki huru, hana wa kumshika, anakwenda kumwangusha mkimbiaji na uwanja mzima unalitaja jina lake. Kama umewahi kusukuma Land Rover iliyozama kwenye tope la barabara ya Londorossi wakati wa masika, unaelewa. Unasukuma, mwenzako anasukuma, mishipa inawatoka shingoni, na lile gari limekaa tu, halina hata hasira na ninyi.

Mzee wa Ohio alipofika hapo akanitajia mtu wa kumtafuta kwenye simu nikirudi mjini. Akaniandikia kwenye kipande cha boksi la chai: NGATA, 92, BALTIMORE.

Wazazi wake walitoka Tonga, visiwa vya Pasifiki, na yeye akazaliwa California mwaka 1984, akakulia Salt Lake City, jimbo la Utah, mji wenye Watonga wengi. Kabla ya futiboli alikuwa mchezaji wa raga, kwenye shule ya Highland ambayo raga yake ilikuwa inajulikana Marekani nzima. Hilo kwangu linaeleza mengi. Raga haikupi muda wa kupumua kila baada ya sekunde sita, na haina mtu anayeruhusiwa kuwa mzito tu. Ukiangalia video zake za ujana unaona mwili wa pua wenye miguu ya mtu mwingine kabisa. (Majirani zetu Wakenya nao walishapita njia hiyo ya raga: Daniel Adongo alitoka kwenye raga moja kwa moja hadi Indianapolis Colts mwaka 2013, mlinzi vilevile, Mkenya wa kwanza kuingia uwanjani kwenye ligi ile.)

Akaenda Chuo Kikuu cha Oregon. Mwishoni mwa 2002, baba yake, Solomone, dereva wa lori, alikufa lori lake lilipopata ajali kwenye barabara yenye barafu. Mwaka uliofuata kijana akachanika goti, msimu wote ukaenda. Mama yake, Ofa, alikuwa na figo mbovu, anasafishwa damu. Ngata angeweza kubaki chuoni mwaka mmoja zaidi. Akaamua kuingia kwenye ligi ya kulipwa, na sababu yake haikuwa siri: matibabu ya mama. Januari 2006, wiki chache baada ya uamuzi huo na kabla hajachaguliwa na timu yoyote, mama akafariki.

Hapo nilisimama nilipokuwa nasoma, nikaweka simu chini. Mimi nilianza kubeba mizigo kwa sababu ya mama. Wengi tulianza hivyo, ukiwauliza wapagazi kumi pale getini watano watakuambia mama, watatu ada ya mdogo wangu, na wawili watakudanganya. Wangu alikuwepo nilipoleta malipo ya safari yangu ya kwanza. Alinunua mabati matano na kilo mbili za nyama, akanirudishia chenji akiniambia ninunue soksi. Sijui mtu anafanya nini na mshahara wa kwanza ambao mwenyewe hayupo.

Aprili 2006, siku timu zinapochagua chipukizi kwa zamu, Baltimore Ravens wakamchukua, wa 12 katika mzunguko wa kwanza, na walimtaka kiasi kwamba walibadilishana nafasi na Cleveland ili wasogee mbele kwa hatua moja tu, wasije wakaporwa. Ukijua ni nani alikuwa anacheza Baltimore miaka ile utaelewa haraka yao. Katikati ya ulinzi alikuwepo Ray Lewis, mlinzi mwenye sauti kubwa kuliko uwanja, mtu wa kucheza ngoma wakati wa kuingia. Nyuma kabisa Ed Reed, ambaye alisoma mawazo ya makwotabeki kama mganga. Pembeni Terrell Suggs. Mabingwa watatu wa kupigiwa makofi. Ila Lewis hawezi kukimbilia mpira kama jokofu mbili zimeshamfikia kifuani. Alihitaji mtu wa kuyazuia majokofu.

Msimu wa kwanza wa Ngata, Ravens walishinda mechi 13 na kupoteza 3, na hakuna timu kwenye ligi iliyoruhusu pointi chache kuliko wao. Usimpe yeye sifa zote, timu ilikuwa imejaa. Lakini tazama mechi za Baltimore za miaka ile kwa utaratibu huu: acha kuufuata mpira. Mwangalie namba 92 tu. Mara ya kwanza utachoka, maana utadhani hafanyi kitu. Anainama, mpira unatoka, watu wawili wanamgonga, anabaki. Anainama tena. Jaribio la nane au la tisa utaanza kuona mikono. Mkono mmoja kifuani kwa mkingaji, umenyooka, kiwiko kimefungwa. Mwingine umeshika bega la wa pili. Na kichwa chake kinachungulia juu ya mabega yao kumtafuta mwenye mpira, kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani. Akishaona mpira unakwenda wapi, anawamwaga wale wawili upande mmoja. Ni kama mama anavyomwaga maji ya kuoshea vyombo: bila kukasirika, na bila kuangalia yanakoangukia.

Ligi ya Marekani inahesabu kila kitu. Mlinzi akimwangusha kwotabeki kabla hajarusha mpira anapata saki moja. Wakimwangusha wawili, kila mmoja nusu. Bruce Smith, anayeshikilia rekodi, alimaliza na 200. Ngata, misimu 13, alimaliza na 32 na nusu. Ukimsoma kwenye karatasi utasema mtu wa kawaida. Lakini wachezaji wenzake, makocha na mashabiki walimpeleka Pro Bowl, wakati ule mechi ya wateule wa mwaka, mara tano mfululizo, na mwaka 2010 na 2011 alitajwa kwenye kikosi bora cha ligi nzima. Wale waliompigia kura walikuwa wanaona kitu ambacho hakina safu kwenye jedwali. Septemba 2011 Ravens wakampa mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 61. Mpagazi wa Kilimanjaro analipwaje kwa siku sitaandika hapa, utakasirika bure na siku yako iharibike.

Hakuwa mtakatifu. Desemba 2010, dhidi ya Pittsburgh, mkono wake ulimpata kwotabeki Ben Roethlisberger usoni ukamvunja pua. Pua ilivunja pua, kama wanavyotania. Alipigwa faini ya dola 15,000. Roethlisberger aliendelea kucheza na pua yake imekaa upande, na Pittsburgh wakashinda 13 kwa 10, jambo ambalo kwa mtu wa Baltimore linauma kuliko pua. Na mwishoni mwa 2014 alifungiwa mechi nne kwa kutumia Adderall, dawa iliyo kwenye orodha ya marufuku. Hakutafuta mchawi. Alisema amekosea, akaomba radhi, akakaa nje.

Mechi ninayoipenda mimi ni ya Januari 2013, kule Denver, kwa sababu za kikazi. Denver wanajisifu kwamba mji wao upo maili moja juu ya bahari, mita 1,609, na timu za wageni huenda kule na mitungi ya oksijeni pembeni ya uwanja. Nilicheka nilipoona. Geti la Marangu, pale ambapo wageni wangu wanapiga picha wakiwa bado wanatabasamu na mafuta ya jua yamewaganda usoni, lipo juu ya mita 1,800. Denver yote ipo chini ya miguu yetu kabla hatujaanza kutembea! Hata hivyo, baridi ya siku ile ilikuwa kama nyuzi 10 chini ya sifuri, mechi ikaenda muda wa nyongeza mara mbili, na Baltimore wakashinda 38 kwa 35. Watu wazito wakikimbizwa muda wote ule kwenye hewa nyembamba, mimi naangalia vifua vyao, si mpira. Nilikuwa namwona Ngata amesimama mikono kiunoni kati ya majaribio, mdomo wazi, moshi unamtoka. Anavuta kwa mdomo, anatoa taratibu. Hiyo ndiyo pumzi tunayowafundisha wageni pale Lava Tower.

Wiki tatu baadaye, Februari 3, fainali ya Super Bowl mjini New Orleans dhidi ya San Francisco. Mwanzoni mwa kipindi cha pili Jacoby Jones akadaka mpira wa kuanzia akakimbia nao uwanja mzima, yadi 108, ubao ukasomeka 28 kwa 6. Halafu umeme ukakatika. Fainali ya Marekani, umeme ukakatika! Dakika 34 nusu ya uwanja giza. Mtanzania akiangalia pale anajisikia nyumbani. Taa ziliporudi San Francisco wakarudi nazo, wakafunga na kufunga, na katikati ya vurugu hiyo Ngata akaumia goti, akatoka, hakurudi.

Kwa hiyo dakika ambazo kila mtu anazikumbuka, zile ambazo San Francisco wanahitaji yadi chache tu ili wachukue kombe, majaribio manne mbele ya mstari, Baltimore wamejazana wanazuia kwa meno, mtu ambaye maisha yake yote kazi yake ilikuwa kuzuia hasa mahali pale alikuwa pembeni, anaangalia kama mimi na wewe. Mkimbio mmoja ukazuiwa. Pasi tatu zikaanguka. Ravens 34, San Francisco 31. Lewis akastaafu siku ile, amebebwa na kelele. Ngata alipata pete yake kama wengine. Sijawahi kusoma mahali alilalamika, na kwa kweli nilitafuta, maana mimi ningelalamika.

Baada ya hapo ni safari ya kushuka, na kushuka hakuna hadithi nyingi. Hata mlimani siku mbili za mwisho wageni hawapigi picha. Mwaka 2015 Ravens walimpeleka Detroit kwa kubadilishana na nafasi za kuchagua chipukizi. Mwaka 2017 msuli wa mkono ukakatika baada ya mechi tano. 2018 akacheza Philadelphia, na humo ndimo alimokutana na mtu aliyemleta kwetu.

Chris Long naye ni mlinzi, wa pembeni, aina ile inayokimbia kuzunguka wakingaji badala ya kuwasimamia. Alipanda Kilimanjaro kwa mara ya kwanza mwaka 2013, akashuka, na huku chini akaongea na watu wanaochimba visima Tanzania. Mwaka 2015 akaanzisha Waterboys, akiwa na hesabu ya mchezaji: timu za ligi ni 32, basi visima 32, kila kimoja kama dola 45,000. Kila mwaka akawa anarudi na kikundi, wachezaji pamoja na wanajeshi wastaafu wa kwao, wengine wamepoteza viungo vitani, wanapanda ili kuchangisha fedha za maji. Huyu ndiye aliyecheza msimu wa 2017 wote bila kubakiwa na mshahara, kila malipo ya mechi akiyatoa kwa ajili ya elimu kwenye miji aliyoishi na kucheza, na mwisho wa msimu huo akachukua Super Bowl yake ya pili mfululizo akiwa na timu nyingine.

Mimi na wafadhili wa visima tuna maneno yetu, na siku nyingine nitayaandika. Kuna matangi huko yana majina makubwa kuliko maji. Lakini aliyezaliwa upande wangu wa mlima hana haki ya kubeza. Kwetu kusini mvua ipo, mifereji ya Wachaga inatiririka kati ya migomba, ndizi na kahawa vinaota hadi mlangoni. Zunguka mlima huo huo upande wa kaskazini, kule mvua isikofika, uende kwenye nyika ya Wamaasai. Theluji unaiona juu, nyeupe, karibu kama ukinyoosha mkono. Na mama anatembea na punda toka alfajiri kutafuta maji ya kahawia. Mlima mmoja.

Ngata akaja na kikundi cha Long, Machi ile ya 2019. Na hapa niongee kama kiongozi, si kama shabiki.

Mlima huu hauna adabu kwa misuli. Watu wananiuliza nani hushindwa zaidi, wanadhani nitasema wazee. Vijana wa mazoezi ndio wananipa presha. Msuli unakula oksijeni hata ukiwa umelala, na pale juu hewa unayovuta ina nusu tu ya oksijeni ya pwani. Mtu mkubwa akilala anakoroma, pumzi inakatika, anaamka na kichwa kinapasuka. Isitoshe, mwili wa pua umejengwa kwa kazi nyingine kabisa. Sekunde sita za nguvu zote, kisha pumzika nusu dakika na zaidi, kisha sita tena. Usiku wa kilele kinyume chake: kutoka Barafu saa sita usiku, saa sita au nane za kutembea, hakuna hata sekunde moja ya nguvu zote na hakuna hata moja ya kupumzika vizuri. Ukitumia nguvu umekwisha. Unaweka kisigino mbele ya kidole gumba, unavuta pumzi mbili, unaweka tena. Bibi wa miaka sabini anaweza, kwa sababu hajazoea kushinda kwa kifua.

Sasa mchukue mtu ambaye tangu utotoni amelipwa kwa kutosogea, magoti yameshapasuliwa, umri miaka 35, umwambie asogee mita 1,200 kwenda juu gizani, inchi moja moja. Najua magoti yale yalimwambia nini kwenye mteremko. Kupanda ni mapafu. Kushuka ni magoti, na hakuna bango la kushukia.

Mzee wa Ohio alipoituma picha aliandika chini yake maneno machache: kijana amefika nilipokaa. Nikaikuza kwa vidole. Kiongozi wake hayumo. Mpishi hayumo. Wapagazi hawamo, na hawawezi kuwamo, kwa sababu wapagazi hawaendi kileleni. Saa ile wageni wanapiga picha Uhuru, wao wanakunja mahema na kupanga mizigo chini kule. Nimebeba miaka minne kabla sijaona ule ubao kwa macho. Miaka minne nikiwapa watu hongera kwa kitu ambacho sikijui. Na kwenye picha ile, katikati, peke yake, amesimama mtu ambaye miaka 13 picha zilipigwa juu ya bega lake kumlenga mwingine. Sikumwonea wivu. Nilimwambia msaidizi wangu, "Huyu ni mgumu mwenzetu," na wagumu ndivyo wapagazi wanavyoitana.

Msimu uliofuata, usiku mmoja pale Barafu, mtandao ukawa umekubali, jambo la bahati, nikapata video ya mechi yake ya kwanza kabisa ya kulipwa: Septemba 2006, dhidi ya Tampa Bay. Kwotabeki wa Tampa anarusha, mpira unaishia mikononi mwa Ngata, na Ngata, badala ya kulala nao chini kama wanavyofanya wanene wote wenye akili, anaanza kukimbia. Yadi 60. Mpishi wetu, mzee ambaye amepanda mlima huu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, akaja kuchungulia akiwa na birika mkononi.

"Nani kampa mpira huyo mnene?"

"Hakupewa, baba. Kaudaka."

"Mh." Akainama zaidi. Kwenye kioo Ngata amepita mtu mmoja, amevuka katikati ya uwanja, mgongo umeanza kumzidi, magoti yanapanda chini chini, nyuma vijana wembamba wanamkaribia. "Anafika?"

"Hafiki. Wanamkamata mwishoni."

Mzee akaangalia hadi walipomwangusha. Akaweka birika juu ya jiwe, akaichukua simu mkononi mwangu kwa vidole vyenye unga.

"Rudisha nyuma," akasema. Nikarudisha. Akaangalia tena zote, yadi 60, midomo inacheza kama anayehesabu. Kisha akanirudishia simu, akatazama saa yake.

"Saa tano na nusu. Kawaamshe wageni, chai ipo tayari."